Kipya kinyemi, lakini nani atakitengeneza?

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Anayetaka ushahidi wa maneno hayo na asimame kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kuja Nairobi ayatazame magari yanayotoka bandarini. Hupita kwa misururu, yaking'aa kama vioo, vibandiko vya Japani vingali vimegandama juu yake. Lakini katikati ya misururu hiyo halikosi kupita gari moja lenye umri wa mtu aliyeota mvi: Peugeot 504 iliyosheheni magunia ya viazi, Land Rover yenye mabati yaliyobonyea, Volkswagen yenye mgongo wa kobe, au Datsun ya mizigo ambayo rangi yake ya kwanza haikumbukwi na mtu. Muulize mwenye gari hilo kwa nini hajaliuza akanunua la kisasa. Atakujibu kwa maneno mawili tu: "Hili nalijua."

Wapo wanaolicheka jibu hilo. Husema kwamba mtu huyo ni mshamba, au ni mkata anayeufunika ukata wake kwa maneno matamu, au ni mzee aliyeshikwa na mapenzi ya ujana wake. Mimi nadhani jibu lake lina uzito kuliko dhihaka zetu. Hoja yangu katika makala haya imo ndani ya kitenzi alichokitumia: kujua. Gari la zamani linapendwa kwa sababu lilikubali kujulikana na dereva wake, na fundi wake, na hata kijana aliyekuwa akimshikia fundi spana. Tunapolicheka, tunacheka kitu ambacho taifa linalotaka kuwa la viwanda halipaswi kukipoteza.

Hebu tuichukue Peugeot 504 kama mfano, maana ndiyo iliyokita mizizi humu nchini kuliko nyingi za rika lake. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Duniani kote zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Wafaransa wenyewe waliacha kuunda ile ya abiria mwaka 1983, lakini Afrika haikukubali kuiaga. Kule Kaduna nchini Nigeria, na hapa kwetu Kenya, iliendelea kuunganishwa hadi karne hii tuliyo nayo ilipokuwa imekwisha kuanza. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ndiyo iliyowasafirisha watu kati ya Nairobi, Nakuru, Kisumu na miji mingine kabla ya ujio wa matatu za Nissan. Abiria hawakuita usafiri huo kwa jina lolote jingine. Walisema wanapanda "pijo", na wote wakaelewana.

Sifa zake hazikutokana na propaganda za wauzaji. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa mtihani ambao barabara zetu wenyewe ndizo zilizousahihisha. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, dada mkubwa wa 504. Mwaka 1965 Mkenya Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa tayari imekwisha kutumika kabla ya kufikia mikono yake. 504 nayo ilileta ushindi mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mkulima wa Molo au mfanyabiashara wa Kitui aliyenunua gari la jina hilo alijua kwamba limekwisha kupita kwenye matope yaliyo mabaya kuliko yake.

Lakini uimara pekee hautoshi kueleza mapenzi haya. Siri yenyewe iko chini ya boneti. Hapo palikuwa na injini ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili, akiongozwa na mwalimu mwema, angeweza kuieleza. Hewa ilivutwa kupitia kabureta, mahali penye koo jembamba. Ilipofika kooni ilikimbia kwa kasi, shinikizo lake likapungua, na petroli ikafyonzwa kupitia tundu dogo na kuchanganyika nayo. Kanuni hiyo ndiyo ile ile inayofundishwa katika somo la fizikia. Umeme ulitoka kwenye koili ukafika kwenye distributa, nayo ikaugawa kwa plagi nne, kila moja kwa zamu yake, mithili ya mama anayewapakulia watoto wanne chakula. Mwanya wa pointi uliokata na kuunganisha umeme huo ulirekebishwa kwa bapa jembamba la kupimia. Wapo mafundi waliokosa bapa wakatumia kipande cha boksi la kiberiti, na gari likawaka.

Gari hilo lilipougua, lilieleza ugonjwa wake kwa dalili ambazo mtu aliweza kuziona, kuzisikia na kuzinusa. Moshi mweusi ulimaanisha kwamba petroli imezidi hewa. Moshi wa samawati ulimaanisha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweupe usiokoma ulimaanisha kwamba maji yamepenya yasipostahili. Fundi hodari alitega sikio tu, akakuambia kwamba vali moja inagonga au kwamba beringi ya gurudumu la kushoto imechoka.

Hapa nitaomba ruhusa ya msomaji niingie kidogo katika taaluma yangu. Sisi wanaisimu huzigawa ishara katika makundi. Kuna ishara ambazo uhusiano wake na maana ni wa asili: moshi huashiria moto, wingu zito huashiria mvua. Kuna nyingine ambazo maana yake hutokana na makubaliano ya watu. Hakuna sababu yoyote ya asili inayofanya sauti "mti" iwe jina la mti. Tumekubaliana tu, na asiyekuwamo katika makubaliano hayo haelewi. Gari la zamani lilitumia zaidi ishara za kundi la kwanza. Gari la kisasa limehamia kundi la pili. Likiugua, huwasha taa moja ya njano yenye picha ya injini. Taa hiyo haisemi ni ugonjwa gani. Ili kujua, sharti uchomeke kifaa maalumu kwenye tundu lililo chini ya usukani, nacho kikusomee msimbo. Ukipata P0301, maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haiwaki vizuri. Hapo una bahati, kwa kuwa msimbo huo ni wa wote. Lakini misimbo mingi inayoanza kwa P1 ni mali ya kila kampuni, na maana yake imo katika vitabu na programu za kampuni yenyewe. Fundi wetu anajikuta mbele ya lugha ambayo hakuwamo wakati makubaliano yake yalipofanywa.

Tazama tena jinsi mashine ile ya zamani ilivyoingia katika Kiswahili, kwa sababu lugha ni shahidi asiyesema uongo kuhusu kile ambacho watu wanakifahamu. Neno gari tulilipata kutoka kwa Wahindi. Parafujo lilitoka kwa Wareno. Usukani lilikuwa neno la wanamaji, jina la kile chombo cha kuongozea jahazi, kabla hatujalihamishia nchi kavu. Breki, gia, klachi, jeki, rejeta na spana tulizichukua kutoka Kiingereza tukazipa irabu zetu. Hatukuishia kwenye majina. Tulipoelewa kazi ya vitu hivyo, tulianza kuvitumia kuelezea maisha. Leo mwanasiasa hushika usukani wa chama. Mradi uliokwama hupigwa jeki na wafadhili. Mambo yakienda mbio kupita kiasi, wenye busara huyapiga breki. Hata bibi kizee ambaye hajawahi kuendesha gari anaelewa maana ya kupigwa jeki, kwa sababu alimwona kijana akiliinua gari zito kwa mkono mmoja kando ya barabara, akashangaa, akakumbuka.

Sasa niambie, ni tamathali gani tuliyoipata kutoka kwenye kisanduku cha kompyuta kinachotawala injini za leo? Sijui hata moja. Watu hawawezi kutunga tamathali kutokana na kitu wasichoona kikifanya kazi. Gari la kisasa limeingia katika barabara zetu, lakini halijaingia katika lugha yetu, na hiyo ni dalili kwamba halijaingia katika fahamu zetu.

Nisieleweke vibaya kwamba kompyuta ndani ya gari ni jambo la ajabu au la shari. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo uitwao CAN, ambao uliviwezesha visanduku mbalimbali vya gari kuzungumza kupitia nyaya chache badala ya msitu wa nyaya. Ulikuwa uvumbuzi wa akili nyingi. Leo gari la kawaida lina visanduku kadha wa kadha vya aina hiyo, na la kifahari huweza kupita 100. Kimoja huamua petroli kiasi gani iingie, kingine hudhibiti gia, kingine breki, kingine milango. Vyote huzungumza mfululizo. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayo hayamhusishi mwenye gari.

Katika nchi yetu tatizo hili lina sura moja ambayo, kwa mtu wa lugha kama mimi, huchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Magari mengi tunayoyanunua yaliundwa kwa ajili ya barabara za Japani. Mkenya anapoliwasha gari lake asubuhi, sauti nyororo ya mwanamke humsemesha kwa Kijapani. Aghalabu inamwarifu kwamba hajaingiza kadi ya kulipia barabara, kadi ambayo haina kazi yoyote hapa. Kioo cha katikati kimejaa maandishi ya Kijapani. Kitabu cha maelezo, kama kimo, ni cha Kijapani vile vile. Dereva humwitikia mwanamke yule kwa kicheko, kisha baada ya wiki mbili huacha kumsikia. Miaka mitano anaishi na mashine inayomsemesha kila siku kwa lugha asiyoijua, wala hatambui kwamba siku itakapomwonya juu ya jambo la maana, onyo hilo litapita kama salamu ya kila asubuhi.

Sheria zetu nazo zimechangia hali hii bila kukusudia. Kanuni ya kuzuia kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8 ina shabaha njema: kulinda usalama na kupunguza takataka za wengine. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba tunayapokea magari yenye elektroniki nyingi katika umri ambapo vihisio vyake vinaanza kuchoka, bila vitabu, bila programu, na bila mafundi waliofunzwa kuyahudumia.

Mwaka uliopita kifaa kidogo cha kudhibiti gia kiliharibika katika gari langu. Fundi aliyelishughulikia, kijana mwenye umri wa wanafunzi wangu, aliligundua kosa kabla ya saa moja kupita. Alikipata kifaa kingine, akakifunga barabara. Gari lilikataa kwenda. Kifaa kipya, alinieleza, sharti kwanza "kijulishwe" kwa gari kwa kutumia programu ya waundaji, na programu hiyo hana. Tulilivuta gari hadi kwenye gereji kubwa ambako mtu aliketi kwenye kompyuta kwa dakika chache, akabonyeza vitufe, na gari likaenda. Nililipia dakika zile pesa nyingi kuliko nilizomlipa kijana yule kwa kazi yake ya siku nzima. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni uso wake. Alikuwa amekwisha kulitibu gari, lakini hakuwa na ruhusa ya kulitangaza kuwa limepona.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba gari la zamani lilikuwa na maovu yake, nami nakubali bila kinyongo. Lilikunywa mafuta kwa pupa. Lilitoa moshi uliowadhuru watoto wa mijini, na kwa miaka mingi lilitumia petroli yenye madini ya risasi, ambayo Kenya iliacha kuiuza mwishoni mwa mwaka 2005. Lilipogongana na lori, usukani wake ungeweza kumchoma dereva kifuani. Mkanda wa usalama wa ncha tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya kuonekana katika kila kiti. Mifuko ya hewa, breki zisizokwama, na mwili wa gari unaokunjika ili kumlinda aliyemo ni mambo yaliyookoa roho nyingi mno. Katika nchi ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikiwazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, ni utovu wa utu kuyabeza. Kama ningelazimika kumchagulia mwanangu gari la kusafiria usiku kwenda Eldoret, nisingemchagulia la mwaka 1975.

Basi swali halihusu umri. Lau mapenzi haya yangekuwa ya ukale mtupu, yangekufa pamoja na wazee wetu. Lakini tazama vijana wanaofanya biashara ya usafiri vijijini wananunua nini. Wananunua Toyota Probox, gari lililoanza kuundwa mwaka 2002, lisilo na urembo wala mbwembwe, ambalo kila fundi wa kila soko analifahamu. Wenye hospitali za mbali na wenye kusimamia mbuga za wanyama wanaendelea kununua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa mwaka 1984 na ambayo ingali inaundwa. Mnamo Novemba 2023 Toyota ilizindua nchini Thailand gari dogo la mizigo liitwalo Hilux Champ, lililopunguziwa mapambo kwa makusudi ili mnunuzi aweze kuliongezea na kulibadilisha apendavyo. Waundaji wenyewe wanatambua kwamba urahisi bado una soko.

Hata gari la umeme, ambalo wengi hulitaja kama kilele cha utata, lina mota yenye sehemu chache sana zinazozunguka. Halina kabureta, halina plagi, halina bomba la moshi. Kimuundo ni jepesi kuelewa kuliko ile 504 niliyoisifu. Kama litakuwa rafiki wa fundi wa Kenya au la, hilo halitategemea umeme wake. Litategemea kama waundaji watatoa maelezo yake au watayafungia ndani ya programu. Urahisi ninaoutetea ni ule wa kumwachia mwenye mali mlango wa kuingilia.

Mlango huo ukifungwa, uhusiano wetu na mali unageuka. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilianza kuwatoza wateja wa baadhi ya nchi ada ya kila mwezi ili vipasha joto vya viti, ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa ndani ya magari yao, viweze kuwaka. Wateja walilalamika, na mwaka uliofuata kampuni ikaachana na mpango huo. Sisi wa nchi za joto tunaweza kucheka. Lakini kanuni iliyokuwa nyuma ya mpango huo si ya kuchekesha: kwamba unaweza kununua kitu, ukakilipia, ukakiweka uani kwako, na bado ufunguo wake ukabaki mfukoni mwa aliyekuuzia.

Kwetu sisi suala hili ni zito kuliko la viti. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, iliyouonyesha ulimwengu kwamba watu wanaofanya kazi katika vibanda na kando ya barabara si wavivu wala si mzigo. Ni wazalishaji mali. Serikali nayo ilikuja kuwatambua mafundi wa Jua Kali katika sera zake, hasa katika waraka wa mwaka 1992. Nenda leo Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, au Kariobangi, uone ni vijana wangapi waliojipatia riziki na heshima kwa kulala chali chini ya magari. Wengi wao hawakupata alama za kuwafikisha chuo kikuu. Gari la zamani ndilo lililokuwa chuo chao. Kila parafujo ilikuwa mhadhara, kila boneti iliyofunguliwa ilikuwa ukumbi wa mihadhara, na mtihani ulikuwa ni kuwasha gari mbele ya mwenyewe.

Walimu wenzangu, tukumbuke kwamba fundi, mwanafunzi, mafunzo na kufundisha ni maneno ya ukoo mmoja. Babu zetu hawakumtenga ajuaye kutenda na yule ajuaye kufundisha. Chuo cha Grogan kikifungwa kwa sababu magari yamekataa kufunguliwa, tutakuwa tumefunga shule isiyohesabiwa katika takwimu za wizara yoyote, na wanafunzi wake hawatakuwa na mahali pa kuandamana.

Tufanye nini, basi? Kurudi nyuma hatuwezi. Kabureta haitafufuka, wala sioni haja ya kuiombea ifufuke. Nina mapendekezo matatu.

La kwanza linawahusu watunga sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Gari lisiloweza kutengenezwa kwa sababu maelezo yake yamefichwa ni bidhaa ambayo mnunuzi hajafaidika nayo kikamilifu. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuwalazimisha waundaji kuwapa mafundi huru maelezo na zana wanazowapa mawakala wao. Karibu nasi zaidi, mamlaka ya ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021, unaolenga kumpa mwenye gari uhuru wa kuchagua fundi na kumfungulia fundi huyo njia ya kupata maelezo ya kiufundi. Waafrika wenzetu wameweza. Sisi tunangoja nini? Na kwa kuwa magari yetu hukaguliwa kabla ya kuingia nchini, itakuwa vigumu kiasi gani kudai kwamba maonyo yake yasomeke kwa Kiswahili au Kiingereza, na kwamba kila gari lije na kitabu cha maelezo kwa mojawapo ya lugha hizo?

La pili linawahusu walimu wa vyuo vya kiufundi na wale wa masomo ya ufundi katika shule zetu. Msiwaache wanafunzi waiogope taa ya njano. Kifaa rahisi cha kusomea misimbo ya kawaida hakipiti uwezo wa shule nyingi, na mwanafunzi anayejua kupima volti za kihisio ana uwezo wa kuelewa kinachosemwa na kisanduku. Lakini waanzisheni kwenye injini kuukuu. Tafuteni moja, hata kama haiendi, muiweke katikati ya darasa na kuifungua mbele yao. Anayejifunza kusoma huanza na herufi kubwa. Aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi hewa na petroli zinavyochanganyika ataelewa kompyuta inajaribu kufanya nini inapozichanganya badala yake. Asiyepata kuona hilo atabaki kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, huku mwenye gari akilipa.

La tatu linatuhusu sisi watu wa lugha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, na tangu hapo tumekuwa na majina ya fonimu, mofimu na vikoa vyote vya taaluma yetu. Ni jambo jema. Lakini fundi wa Kariobangi bado anasoma maelezo kwa Kiingereza kigumu, anayaeleza kwa Sheng, na kumwelewesha mteja kwa ishara za mikono. Yale maneno ya kwanza, kuanzia rejeta hadi klachi, hayakuundwa na kamati; yalizaliwa gerejini, kinywani mwa watu waliofahamu walichokishika. Wajibu wetu ni kwenda huko huko na daftari, kusikiliza mafundi wanaviitaje vihisio na visanduku hivi, kuyakusanya majina yao, kuyasawazisha na kuyarudisha kwao katika vitabu wanavyoweza kuvisoma. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali. Mada inamngoja chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Wahenga hao hao waliotuambia kwamba kipya kinyemi ndio waliotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu si lile bati lililoliwa na kutu. Ni ujuzi tulioupata kwalo: uwezo wa Mwafrika wa kawaida kuikabili mashine iliyoundwa ng'ambo, kuifungua, kuielewa, kuipa jina kwa lugha yake, na kuirudisha barabarani ikiwa nzima. Magari yatabadilika, na yabadilike. Ujuzi huo ukipotea, tutabaki kuwa abiria katika magari tunayodai kuyamiliki.